Yule Mwanamke wa Ukutani si Mimi

Chebet mwanangu,

Barua hii haina safari ndefu. Nitaiweka katikati ya shuka zako, ile ya maua na ile uliyopewa na mama yangu, gogo wako, na utaikuta ukitandika kitanda chako huko chuoni Londiani. Isome ukiwa umekaa chini na mlango umefungwa, kabla hujatoka kutembea mjini na wenzako. Hiyo ni amri. Mengine yote humu ni mazungumzo tu.

Mambo ya sweta na gambuti sirudii. Umeyasikia wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mum, nimeshika, mimi si mtoto." Ni kweli, wewe si mtoto. Ndiyo sababu naandika.

Yule mwanamke wa ukutani si mimi.

Sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi nne kabla ya hii, na zote nne zimewasha jiko. Hii ya tano naiacha ikae. Najua umebeba ile picha ya ukuta wetu uliyoenda kutengenezewa Bomet, umesema utaibandika juu ya kitanda uambie wasichana wa chumba, "Huyu ni mum, alichorwa na dad." Usiibandike kwanza. Huko Londiani, upande wa soko la viazi, kuna ukuta mwingine, na juu yake yuko mwanamke huyo huyo. Kitambaa ni kile, kikombe ni kile, mwanya kwenye meno ni ule ule. Wasichana wa hapo wamepita chini yake tangu wazaliwe. Ukiwaambia ni mama yako watakucheka, na sitaki ucheke-cheke nao bila kujua ukweli ni upi. Heri ukweli uusikie kwangu, ingawa nimeuchelewesha.

Ukuta wetu unaujua kuliko mimi, lakini wacha nikueleze ulivyokuwa kabla yako. Nyumba hii ya mawe ilijengwa na Mhindi wa duka, gogo akiwa bado msichana. Upande wa barabara haukuwahi kukaa mtupu. Gogo anakumbuka tangazo la mafuta ya taa, halafu la sabuni ya mche, halafu yule jamaa wa baiskeli anayecheka akiwa amebeba gunia. Kila kampuni ilikuja ikapaka juu ya mwenzake. Ndiyo maana siku hizi rangi ikibanduka, gurudumu la baiskeli linatokeza kwenye shavu la yule mwanamke. Wewe ulisema amevaa herini. Nilicheka siku hiyo, lakini haikuwa kicheko cha furaha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiachia kidato cha pili, mwaka ule mvua ya mawe ilipochana majani ya chai ya gogo yote, yakabaki matawi. Nikawa nafanya kazi hapa hotelini kwake, chai na mandazi, kuanzia wachuma majani wa asubuhi hadi watu wa soko. Siku moja pikapu ya kampuni ya majani ya chai ikasimama nje. Zamani walikuwa wanakuja hivyo: wanakupakia nyumba bure, na wewe unawaachia ukuta. Walishuka watatu. Dereva, mzee mmoja wa kupaka rangi ya chini, na mchoraji.

Mchoraji anaitwa Owiti. Mtu wa Ahero, upande wa ziwa. Umeniuliza jina hilo tangu darasa la pili, na mimi nimekuwa nikikujibu, "Ni fundi tu, alipita." Sasa unalo.

Nilipenda kumwangalia akifanya kazi, siwezi kukudanganya tena hata kwa hilo. Alikuwa na uzi uliopakwa chaki. Mzee anashika huku, yeye kule, anauvuta na kuuachilia mara moja, na mstari umenyooka ukutani kuliko rula ya mwalimu. Siku ya pili alibandika makaratasi makubwa ya kaki yaliyotobolewa vitundu vidogo vidogo, akawa anayapigapiga na kifuko cha kitambaa chenye unga wa makaa. Mimi nilikuwa na watu wanangoja chai, sikusimama kuona. Nilidhani karatasi ni za herufi. Nilipomaliza kuosha vikombe karatasi zilikuwa zimeshatolewa, ukuta una vidoadoa vyeusi kama umeugua tetekuwanga, na Owiti yuko juu ya ngazi anaviunganisha kwa brashi.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na halikuwa kosa kubwa. Niliona karatasi, sikuuliza ni ya nini.

Siku ya tatu uso ukatokea. Aliyeanza maneno ni Mama Kiptoo wa kabeji, unajua mdomo wake.

"Nancy, hebu toka uone. Si huyu ni wewe?"

"Wapi?"

"Angalia meno. Angalia huo mwanya. Kumbe zile chai unampelekea huyu mjaluo juu ya ngazi zilikuwa na kazi."

Watu wakacheka, na kufikia jioni soko letu lote la Silibwet lilikuwa limekubaliana kwamba ni mimi. Nilingoja Owiti ashuke. Nikamuuliza, "Ni mimi?"

Akafuta brashi kwenye suruali, akaniangalia, akaangalia ukuta. "Wewe unaonaje?"

"Watu wanasema ni mimi."

"Basi watu wana macho."

Hayo tu. Maneno hayo nimeyarudia moyoni miaka yote hii, nikiyapindua huku na huku, na sijapata mahali aliposema ndiyo. Ndiyo niliisema mwenyewe.

Halafu kukawa na jambo lingine dogo, likumbuke kwa sababu nitalirudia. Alisema mkono haujakaa vizuri. Akaniomba nishike kikombe nisimame kwenye jua, pale karibu na pipa la maji. Nilisimama mpaka chai ikapoa. Ile alama yangu kwenye kidole gumba, ya mafuta ya mandazi, ilikuwa bado mpya, nyekundu. Kesho yake niliona mkono wa ukutani una doa dogo la kahawia pale pale kwenye kidole gumba. Ni lile ulilokuwa unaweka kidole chako kwanza juu yake, halafu juu ya langu, ukisema, "Zinafanana."

Walikaa wiki tatu, wakipaka maduka kutoka hapa mpaka Bomet. Yaliyobaki huhitaji kuelezwa na mama yako. Aliondoka akisema atarudi. Sikumwambia habari yako kwa sababu hata mimi nilikuwa bado sijajua.

Ulizaliwa mchana wa jua kali, na hotelini kukawa na jina jipya. Hakuna aliyesema tena kwa Mama fulani. Abiria wa boda walisema, "Nishukishe Kwa Picha." Gogo hakupenda. Alikuwa anapita chini ya ule ukuta na debe la maji, anaangalia juu, anasema, "Rangi hainyonyeshi mtoto." Mimi nilikuwa najibu moyoni, atarudi. Mwanamume hawezi kuchora uso wa mtu ukubwa wa mlango, barabarani, mbele ya soko zima, halafu asirudi. Niliona ule ukuta kama watu wengine wanavyoona mahari. Wenzangu waliletewa ng'ombe, mimi nililetewa rangi, na nikajiona nimewazidi.

Sasa Wesley.

Wesley huyu huyu anayetuletea maziwa, unayemwita uncle. Hukujua hili. Ulipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuja kwa gogo na wazee wawili, wamevaa koti. Alisema ananitaka, na mtoto atamlea kama wake. Gogo aliwatolea kibuyu cha maziwa ya mursik, ile nzuri ya kuwekwa. Wesley alikuwa na sharti moja tu, na alilisema kwa upole, akiangalia kikombe chake: "Huo ukuta upakwe. Siwezi kunywa chai ya bibi yangu chini ya mkono wa mwanaume mwingine." Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe na mkebe wa rangi nyeupe amefunga kwenye keria ya baiskeli.

Nilisimama kwenye mlango nikamwambia, "Huo ukuta haupakwi."

"Nancy, ni picha tu."

"Kama ni picha tu mbona inakuchoma?"

Halafu akafunga mkebe tena kwenye keria, akaukaza na kamba ya mpira, akaenda zake. Baadaye nilisikia alipaka nao nyumba yake, ile ya karibu na daraja, akaoa. Mke wake ananisalimia vizuri. Kila asubuhi nikipokea maziwa naangalia mikono yake na kusema asante, na sijui kama anakumbuka. Nadhani anakumbuka.

Miezi sita baada ya Wesley, gogo na kikundi chao cha akina mama walitaka mbegu ya viazi, nikatumwa Londiani kwa lori pamoja na wengine. Wakipakia magunia nikasema wacha ninyooshe miguu. Nikapinda kona ya soko, na nikajiona.

Nilisimama. Mwanzo nilifurahi, Chebet, hebu fikiria ujinga huo. Nilidhani Owiti amepita huku akanichora tena kwa sababu ananikumbuka. Duka lilikuwa na milango ya kijani na mwenyewe alikuwa nje anapanga ndoo. Nikamwambia, "Huyu mwanamke wa ukutani unamjua?"

"Huyu? Huyu si mtu," akasema. "Hawa wa kampuni wana karatasi imetobolewatobolewa. Wanabandika, wanapiga makaa, wanaendelea. Molo yuko, Nakuru wako kama wanne. Mbona, umemfanana?" Akaniangalia vizuri, akacheka. "Kweli umemfanana. Wangekulipa."

Niliangalia ule mwanya mara moja tu. Nikageuka. Njia yote ya kurudi nilikaa juu ya magunia ya viazi na akina mama wanaimba nyimbo za kanisa, na mimi nahesabu: nimemkataa mtu mzima, mwenye ng'ombe na adabu, kwa sababu ya karatasi yenye matundu. Nilikasirika namna ambayo sijakasirika tena. Na hasira hiyo haikuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo niliiweka nikaifunika, kama unavyofunika makaa ya jioni kwa majivu ili uyakute asubuhi.

Asubuhi ikaja. Miezi mitatu baadaye pikapu ya kampuni ikasimama nje. Walikuwa wanarudishia rangi matangazo yaliyoanza kufifia. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya veranda unapanga vifuniko vya soda. Nilikuwa ndani, nikamwona kupitia dirishani akishuka, amekonda, ndevu kidogo. Alichuchumaa mbele yako.

"Unaitwa nani?"

Ukamwambia, "Chebet wa Picha."

Akacheka. Halafu kicheko kikakatika, akakuangalia tena, pole pole. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi.

"Nancy," akasema bila kuinuka, "huyu ana paji la uso la mama yangu."

"Paji la uso ni paji la uso. Hata wewe unachora moja kila mji."

"Sijaelewa."

"Utaelewa ukifika Londiani."

Akasimama. "Nancy. Mtoto ni wa nani?"

"Baba yake anafanya kazi kiwandani. Yuko shifti."

Mzee wa rangi ya chini alikuwa ameshaanza kushusha ngazi, akaona nyuso zetu akairudisha. Owiti akasema, "Mimi nilikuwa..." na nikamkata.

"Sijakuuliza."

Neno moja, mwanangu. Mpaka leo sijui alitaka kusema alikuwa wapi. Labda alikuwa na mke huko kwao. Labda alikuwa mgonjwa, maana alikuwa amekonda. Labda alikuwa tu juu ya ngazi mahali fulani, anapaka, kama watu wanavyofanya kazi. Katika miaka hii nimemjibia mwenyewe namna zote, nikimfanya mwovu nikiwa nimechoka, na mwema nikiwa mgonjwa. Jibu lake lenyewe lilikuwa pale mdomoni, na nililirudisha ndani.

Alikuwa ameniletea kitambaa cha kichwa, cha kijani, kama kile cha ukutani. Alikiweka juu ya pipa la maji. Mzee akauliza kama waanze kupaka, nikasema hakuna mtu wa kugusa huo ukuta. "Mama, inafifia," akasema. Nikamwambia, "Wacha ififie." Wakaondoka bila kunywa hata chai.

Kitambaa nilikifanya cha kufutia meza. Unakikumbuka. Wewe mwenyewe umefutia meza nacho ukiwa umesimama juu ya kreti, mpaka kikaisha kikawa nyuzi.

Na jioni ile ile nikafanya la mwisho. Unajua wachoraji wa zamani walikuwa wanaandika jina lao chini kwenye kona, herufi ndogo, ili mtu akipenda kazi ajue wa kumtafuta. Kona yetu ilikuwa na jina. Fundi aliyetutengenezea choo alikuwa ameacha simiti nusu mfuko. Nikakoroga, nikapaka kwa kiganja cha mkono wangu, vibaya, kama mtoto anayechezea tope. Hicho ndicho kiraka ambacho umeniuliza mara ngapi. Nilikuambia ni maji ya mvua yalikuwa yanaingia. Maji hayajawahi kuingia hapo.

Utaniuliza, kama nilijua tangu Londiani kwamba si mimi, mbona sikupaka ukuta wote? Mbona nilifukuza watu wa sabuni, na wa simu, na yule wa mbolea aliyetaka hadi kutuwekea mabati mapya? Kwa sababu yako, kwanza. Ulikuwa umeshaanza kumwamkia. Ulikuwa huwezi kwenda shule ya nasari bila kusimama chini yake useme, "Mama wa juu, naenda." Nilishindwa. Ulikuwa huna baba, nikaona angalau uwe na ukuta. Kwenye fomu za shule niliandika jina la babu yako mahali pa baba, walimu wakanyamaza, na wewe ukawaambia watoto wote baba yako ni yule aliyechora. Uongo wangu ulikuwa umekua, umeota meno, umevaa yunifomu. Ningeuua vipi?

Na kwa sababu yangu, pili. Hii naisema kwa sauti ya chini. Soko lote lilinijua kwa huo uso. Ningesema si mimi, Mama Kiptoo angekuwa na kazi ya mwaka mzima. Nilichagua kukaa chini ya mwanamke wa karatasi, anayecheka kila siku bila kuchoka, huku mimi nikizeeka chini yake. Wateja wapya wakija huangalia juu, wakaniangalia, na naona wakitafuta. Siku hizi hawaulizi tena. Amefifia, nimefifia, na angalau hapo tumefanana.

Sikuandiki haya ili unihurumie. Ukinihurumia nitajua kwa sauti yako kwenye simu, na sitaipenda. Wala sikwambii usipende mtu. Utapenda, na hutaniuliza. Ninalokuambia ni dogo na limenigharimu: mtu akikukosea, muulize kwanza, halafu mfukuze. Mimi nilifukuza kwanza. Na tena, angalia vizuri ni nani aliyekuambia lile neno linalokuumiza. Nilimbebea Owiti kisasi cha ahadi ambayo ilitoka kwa muuza kabeji. Kosa lake lipo, alisema atarudi na akachukua miaka mitatu kasoro. Hilo ningemhukumu nalo. Lakini mimi sikumhukumu nalo. Nilimhukumu kwa uso ambao hakusema ni wangu.

Na wewe nilikuhukumu bila kosa lolote. Ulikuwa na baba amechuchumaa mbele yako, anajua paji lako la uso, na mimi nikamwambia yuko kiwandani. Kwa hilo sina maelezo. Nimetafuta.

Wiki ijayo watu wa kampuni ya simu wanakuja kupaka. Najua ulinifanya niahidi nisikubali, na nimekubali, nimeweka sahihi. Utakasirika. Kasirika ukiwa huko, hasira ya mbali ni nzuri kuliko ya karibu. Mwenye nyumba naye amechoka, na mimi nataka kabla sijafika arobaini nipike chai katika hoteli yenye jina langu mlangoni, hata kama ukuta utakuwa na rangi ya vocha.

Leo mchana, ulipoenda kumuaga gogo, nilichukua patasi na nyundo nikaenda kwenye kona. Nilitaka nikuonyeshe jina kabla hujaenda, uliguse. Wesley alikuwa anashusha maziwa, akaona nagonga, akaja.

"Unatafuta nini hapo, Mama Chebet?"

"Kitu cha mtoto."

Hakuuliza zaidi. Alishika patasi, akaiinamisha kidogo, akasema, "Gonga kwa kando. Ukigonga hivyo utavunja yote." Tukagonga, yeye anashika, mimi napiga. Simiti ikabanduka kipande kizima. Lakini ilikuwa imeshika rangi miaka yote hii, na ilipotoka ilitoka nayo. Ukutani pamebaki mawe matupu. Jina liliondoka na simiti.

Nilikaa chini nikalia, na Wesley akasimama akiangalia barabara mpaka nikamaliza. Halafu akageuza kile kipande kwa mguu wa kiatu. Upande wa ndani herufi zote ziko, zimeshika kwenye simiti, ila zimegeuka, zinasoma kutoka nyuma. Akaziangalia muda. Anajua kusoma, Wesley. Akasema, "Mfungie kwa gazeti, isikwaruzike," akachukua mikebe yake akaenda.

Kipande kiko ndani ya sanduku lako, chini kabisa, kimefungwa kwa gazeti na sweta ile nzito. Ndiyo maana sanduku lina uzito, si viazi kama nilivyokuambia. Kishike mbele ya kioo na kitasoma sawa: OWITI ARTS, AHERO. Kama bado yuko hai, na kama bado anaishi huko, sijui. Ukitaka kumtafuta, mtafute. Ukimpata, mwambie yule wa kiwandani hakuwepo, kwamba mama yako alidanganya, na kwamba mama yako ndiye amekutuma uyaseme hayo. Usinifanye mzuri. Ukiona humtaki, hiyo pia ni yako. Mimi nimeshakuamulia vya kutosha.

Limebaki moja. Nenda ukauone ule ukuta, peke yako. Upande wa soko la viazi, duka la milango ya kijani, kama hawajaibadilisha. Usiangalie mwanya, mwanya ulikuwa kwenye karatasi. Angalia mkono unaoshika kikombe, kidole gumba. Mimi siku ile sikuuangalia, nilikuwa nimeshageuka. Kama lile doa liko huko pia, basi liko Molo na Nakuru, na mimi nilikuwa msichana wa kupeleka chai juu ya ngazi, basi. Kama haliko, basi kuna siku moja, juani, karibu na pipa la maji, mtu aliniona mimi, akaniweka ukutani kidogo hivyo, mahali pasipoonekana na bosi wake. Na ndiye niliyemfukuza.

Londiani si mbali. Ningeenda asubuhi nirudi jioni, siku yoyote ya miaka kumi na tano. Sijaenda, kwa sababu majibu ni mawili tu na sijui ni lipi ningeweza kuishi nalo.

Lakini wewe ni haki yako kujua ulitoka wapi. Angalia vizuri, usiharakishe. Ukirudi chumbani nipigie simu. Niambie kama umekula, niambie baridi ikoje, niambie wenzako wa chumba wanaitwa nani na wanatoka wapi.

La kidole usiniambie.

Mimi mama yako,
Nancy Chelangat